Chemchemi Iliyo Shambani Mwangu ni ya Nani?

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za maji wa Tanga na Muheza



Mtu akisikia kwamba ofisa wa mamlaka ya udhibiti anakuja kuzungumza, hutarajia kusikia habari za ankara, mita na bei. Habari hizo nitazifikia. Lakini ankara ya mkazi wa Ngamiani au Makorora haianzii Ngamiani wala Makorora. Inaanzia juu, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenye vijito vinavyotoka chini ya misitu ya Amani na kukusanyika kuwa mto Zigi. Kihuhwi unaungana nao njiani, kisha maji yanatua katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Kutoka hapo yanasukumwa kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Mowe, ndipo yaingie mabombani. Kwa hiyo mtu anayelima magimbi kando ya kijito huko juu na mtu anayefungua bomba Chumbageni wana uhusiano, ingawa hawajapata kuonana. Uhusiano huo ndio uliojaa ugomvi, na ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Tuanze na jambo linalochanganya watu kuliko yote. Mtu ana shamba. Shamba lina hati, au hatimiliki ya kimila, au angalau mashahidi na mipaka inayojulikana na kijiji kizima. Ndani ya shamba kuna chemchemi. Je, chemchemi hiyo ni mali yake?

Jibu la sheria ni kwamba sivyo, na si jibu la jana. Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 ilikwisha kuyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Sheria inayotumika sasa, yaani Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, inasema kwamba rasilimali zote za maji Tanzania Bara ni za umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ardhi nayo, kwa sheria za mwaka 1999, ni ya umma chini ya udhamini huohuo. Tofauti ni hii: juu ya ardhi, mtu hupewa haki ya kumiliki na kutumia, haki ambayo anaweza kuirithisha na, kwa kufuata taratibu, kuiuza. Juu ya maji hapewi miliki. Anapewa ruhusa ya kuyatumia kwa kiasi fulani na kwa kazi fulani.

Ndiyo maana mtu anayeuza kiwanja akasema, "Nakuuzia pamoja na chemchemi yake," anauza kitu asichokuwa nacho. Anachoweza kuuza ni ardhi inayoizunguka. Mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa sababu ya chemchemi ana wajibu wa kwenda kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuuliza kama kuna kibali cha kutumia maji hayo, kimeandikwa kwa jina la nani, ni cha kiasi gani na cha kazi gani, na itakuwaje shamba likibadili mikono. Nawasihi msiliache swali hili mpaka fedha zimekwisha kutolewa. Dalali hana habari na vibali, na wakati mwingine hataki kuwa nazo.

Lakini hapa watu wengine huruka upande wa pili, wakadhani kwamba maji yakiwa ya umma basi kila mtu ana ruhusa ya kukatiza katika shamba la mwenzake na ndoo kichwani, au kuvuta mpira kupita katikati ya mahindi ya watu. Sheria haisemi hivyo. Inamruhusu mtu kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani bila kibali, pale anapokuwa na njia halali ya kuyafikia. Maneno hayo, njia halali, ndiyo yanayoamua kesi nyingi.

Niwape mfano wa kutunga. Kijiji kipo mteremkoni, juu ya Muheza. Akina mama wamechota maji katika chemchemi moja tangu enzi za bibi zao. Mwenye shamba anafariki, watoto wanauza, anakuja mnunuzi kutoka mjini. Anazungusha uzio, anajenga tangi, anaweka bomba, na baada ya miezi mitatu anawauzia majirani maji kwa ndoo. Kijiji kinawaka moto. Vijana wanakata uzio usiku. Mnunuzi anakwenda polisi na hati yake mkononi.

Nani mwenye haki? Mnunuzi ana haki ya ardhi yake kutoharibiwa, na waliokata uzio wamefanya kosa hata kama wana uchungu wa haki. Lakini naye amevuka mipaka mahali pawili au patatu. Kuchota maji ya nyumbani kwake hakuhitaji kibali. Kujaza tangi na kuuza kunahitaji, na bila kibali hicho bodi ya bonde inaweza kumsimamisha. Kisha, anapouza maji kwa umma anaingia katika utoaji wa huduma, ambao una masharti na wasimamizi wake kuhusu ubora na bei. Na la tatu, ambalo wanakijiji mara nyingi hawalijui: sheria ya mwaka 2009 inatambua haki za maji za kimila. Jamii iliyotumia chemchemi kwa vizazi inaweza kwenda bodi ya bonde haki hiyo itambuliwe na kuandikwa. Mnunuzi anayekuja baadaye hawezi kudai kwamba haipo.

Kuhusu njia ya kupita, yaani hao akina mama wapite wapi, hilo huamuliwa kwa mapatano kwanza. Panapotakiwa bomba au mfereji upite katika ardhi ya mtu, sheria inatoa nafasi ya kuomba haki ya njia ya maji, na mwenye ardhi ana haki ya fidia kwa hasara anayoipata. Mkipatana, andikeni. Andikeni upana wa njia, nani atafyeka, na mifugo ipite au isipite. Mapatano ya mdomo hufa pamoja na wazee walioyafanya, na ugomvi mwingi ninaousoma katika barua za malalamiko huanza baada ya mazishi.

Sasa niende kwenye jambo zito zaidi, nalo ni mita 60.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Ukikaa mjini, mita 60 ni umbali mdogo tu. Ukiwa na shamba la ekari moja katika bonde jembamba la Usambara, mita 60 zinaweza kuwa shamba lote. Na bonde ndipo penye rutuba, penye magimbi, migomba na miwa, penye kitu cha kula wakati wa kiangazi. Mkulima huyo alikuwapo kabla ya mwaka 2004. Pengine babu yake alikuwapo kabla ya Uhuru. Anapoambiwa atoke anauliza, kwa haki kabisa: nitoke niende wapi, na nani atanilipa?

Upande wa chini nako kuna hoja. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni, mvua za masika hushusha udongo mtoni. Maji yanafika Mabayani yakiwa mazito kama chai ya maziwa. Tope linatua na kula nafasi ya maji bwawani. Yaliyobaki yanahitaji shabu zaidi ili uchafu utuame, klorini zaidi ili kuua vijidudu, na kuoshwa kwa vichujio mara kwa mara. Gharama hizo ni sehemu ya gharama za mamlaka ya maji, na mamlaka inapoomba bei mpya huzileta mezani. EWURA inaitisha taftishi, wananchi wanatoa maoni, tunakagua hesabu, tunakata kisichostahili. Lakini shabu iliyotumika kihalali kwa sababu mto ulikuwa mchafu hatuwezi kuikata. Inaingia katika ankara yenu.

Kuna uharibifu mwingine ambao si wa jembe. Wachimbaji wa dhahabu waliwahi kuingia katika eneo la Sakale, karibu na vyanzo vya Zigi, wakachimbua kingo na kutumia zebaki. Serikali iliwaondoa, nao walirudi zaidi ya mara moja. Hapo sina maneno ya kutetea: tope unaweza kulitoa kwa shabu, lakini zebaki katika maji ya kunywa ya mji mzima ni jambo jingine. Wenye korona za mkonge wanaoosha singa na kuachia maji machafu mtoni nao wanatakiwa kuwa na kibali cha kutiririsha majitaka, na mwananchi yeyote anaweza kuiuliza bodi ya bonde kama kibali hicho kipo.

Nirudi kwa mkulima wa mita 60, maana yeye ndiye mwenye kesi ngumu. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria za ardhi zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Serikali, kwa upande wake, inaweza kusema kwamba kuzuia namna fulani ya kutumia ardhi si sawa na kuichukua. Kati ya kauli hizo mbili ndipo wakulima wengi wamebaki, bila kuhamishwa rasmi, bila kulipwa, na bila amani.

Mkoa huu unajua jinsi jambo kama hili linavyokuwa gumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa kuunganisha misitu ya Usambara Mashariki kwa ushoroba wa Derema, eneo la hekta zipatazo 960. Chini ya miti ya eneo hilo zaidi ya wakulima elfu moja walikuwa na iliki yao. Iliki haichumwi mwaka mmoja ikaisha. Ni mmea wa miaka mingi, na kwa familia nyingi ndiyo iliyokuwa karo ya shule na bati la nyumba. Wakulima walikubaliwa kwamba mazao yao ni mali inayostahili fidia, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini viwango vilibishaniwa, fedha zilitafutwa kwa wafadhili mbalimbali, na malipo yakachukua miaka. Katika muda huo mkulima haruhusiwi kuvuna kama zamani na bado hajalipwa. Nadhani kucheleweshwa kule kulijenga chuki ambayo shilingi zilizokuja baadaye hazikuiondoa yote.

Na ukirudi nyuma zaidi, upande wa Lushoto, mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Mlalo. Wakulima wa Kisambaa walilazimishwa kuchimba matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu, matuta yenyewe hayakuwa upuuzi. Lakini kazi iliwaangukia zaidi wanawake, mavuno hayakuongezeka kwa kadiri ya jasho, na watu waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa na serikali litakuwa la serikali. Walikataa, wakapinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mtu wa bonde anapomtazama ofisa wa mazingira kwa mashaka leo, hajayaokota mashaka hayo barabarani.

Kwa hiyo nasema maoni yangu, na mnaweza kuyakataa. Mita 60 ni sheria na ina sababu. Lakini ikiwa faida yake inakwenda kwa mlaji wa maji mjini na hasara yake inabaki kwa mkulima mlimani, sheria hiyo haitashikwa, hata wakiwekwa walinzi kila kijito. Mlaji wa maji ana sehemu yake ya kuchangia. Njia imeanza kuonekana katika Zigi kwenyewe: wakulima wa eneo hilo wana Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi, maarufu UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana nao. Wanaacha ukingo uote miti na majani, wanapanda viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga mbali na mto. Katika milima hiyohiyo wapo pia waliopata kipato kwa kufuga vipepeo. Mtu anapopata riziki mahali pengine, ukingo unapumzika bila askari.

Wako watakaouliza kwa nini mlipa ankara abebeshwe mzigo huo. Jibu langu ni kwamba anaubeba tayari, ila anaubeba kwa jina la shabu. Tena mzigo umeongezeka uzito: mwaka 2024 Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, ili kupanua mitambo na mabomba. Ni hatua ya kusifiwa, lakini deni hilo linalipwa kwa mapato ya maji. Mabomba mapya yanategemea mto uleule.

Zigi ni mfano mdogo tu wa bonde kubwa. Katika mto Pangani wenyewe, unaoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru hadi baharini, ugomvi una sura nyingine. Juu kuna mifereji ya asili ya wakulima na mashamba makubwa, kati kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, chini kuna mitambo ya umeme ya Hale ya mwaka 1964 na ya Maporomoko ya Pangani ya mwaka 1995, kisha Handeni inayosubiri maji ya bomba kuu kutoka mto huohuo. Mwisho wa yote, mji wa Pangani, ambako mto ukipungua nguvu maji ya chumvi hupanda na kuingia mashambani. Bodi ya bonde iliundwa mwaka 1991, ya kwanza nchini, kwa sababu ugomvi huo ulikwisha kuwa mkubwa. Sheria imepanga zamu: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuweka mto hai, halafu ndipo kilimo, umeme na viwanda vigawane yaliyobaki. Mtu yeyote akiwaambia kwamba kiwanda chake kina kibali na kwa hiyo kisima chenu kikauke, muulizeni habari za zamu hiyo.

Sasa, mlango upi ubishwe? Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi.

Ikiwa ugomvi ni wa maji yenyewe kabla hayajaingia bombani, kama vile mtu kuziba kijito, kuchepusha mto, kuchimba kisima kirefu, kuvuta maji bila kibali au kuzidisha kiasi alichoruhusiwa, nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kama kuna jumuiya ya watumia maji katika kidakio chenu, anzeni nayo, maana inajua mto kwa jina la kila kona. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ana nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya maji.

Ikiwa ugomvi ni wa mpaka, uzio, njia au umiliki wa shamba, huo ni wa ardhi. Kijijini kuna baraza la ardhi la kijiji, na kuna baraza la kata. Kazi ya mabaraza hayo ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msiogope kuwa na mashauri mawili kwa wakati mmoja. Mnunuzi wa mfano wetu anaweza kushinda shauri la uzio na kushindwa shauri la maji.

Ikiwa jambo ni la huduma, yaani maji machafu bombani, mgawo usiotangazwa, mita inayokimbia, ankara isiyoeleweka, au bomba la mamlaka kupitishwa shambani bila mapatano, mlango wa kwanza ni mtoa huduma wenu. Mjini ni mamlaka ya maji. Vijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na juu yake ofisi ya RUWASA ya wilaya. Mtumiaji wa mamlaka ya maji asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, ndipo alete lalamiko EWURA. Tutaita pande zote mbili na kujaribu suluhu. Isipopatikana tutasikiliza na kuamua, na uamuzi wetu unaweza kupelekwa Baraza la Ushindani. Baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasaidia kuandaa malalamiko hayo.

Lalamiko lolote liandikwe. Taja tarehe ya tukio, mahali, jina la mto au namba ya mita, kilichotokea na unachotaka kifanyike. Ambatanisha picha, risiti, hati au mapatano mliyoyaandika. Ikiwa jambo ni la kundi, chagueni watu wawili au watatu wa kusaini kwa niaba ya wenzao, na mambo mengine yote yawekwe kando: siasa za kijiji, ugomvi wa ukoo, kisa cha mbuzi wa mwaka jana. Chapeni nakala mbili. Moja mkabidhi, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani.

Nimemaliza yangu. Mzee aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Sakale, karibu.